Vipimo vitatu vya choo kwa mtu mmoja: uchambuzi wa kisa cha uchunguzi wa saratani ya utumbo mpana, Nairobi

Usuli

Kisa hiki kinahusu mwanamke wa miaka 53, mhasibu katika kampuni binafsi, mkazi wa mtaa mmojawapo wa mashariki mwa Nairobi. Jina lake, la kanisa lake, la mwajiri wake na la kila kituo alichopitia yameondolewa, na tarehe zimesogezwa kidogo bila kubadilisha muda uliopita kati ya tukio na tukio. Mwenyewe ameridhia kisa chake kiandikwe kwa ajili ya mafunzo.

Hakuwa na dalili yoyote. Hakuwahi kuona damu chooni, hakupungua uzito, mwenendo wake wa kwenda haja haukuwa umebadilika, na kwa kadiri anavyojua hakuna mzazi wala ndugu yake aliyewahi kuugua saratani ya utumbo mpana. Himoglobini yake ilikuwa ya kawaida. Tatizo lake pekee lilikuwa magoti, ambayo kwa miezi kadhaa alikuwa akiyatuliza kwa vidonge vya ibuprofeni anavyonunua kemisti. Kwa hiyo alikuwa mtu wa hatari ya kawaida, yaani yule hasa ambaye vipimo vya choo vimekusudiwa, na umri wake ulikuwa ndani ya miaka 45 hadi 75 ambayo jopo la kinga la Marekani lilipendekeza mwaka 2021 kwa watu wa kundi hilo. Uchunguzi wa saratani hii umo pia katika mwongozo wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2018.

Vipimo vinavyohusika ni vya aina tatu. Kikongwe kuliko vyote ni cha gwayaki: kadi iliyotiwa utomvu wa mti wa gwayaki hupakwa choo, kisha hudondoshewa peroksidi ya haidrojeni, na hemu, yaani sehemu yenye chuma ya himoglobini iliyomo katika damu, huchochea mmenyuko unaoigeuza kadi kuwa ya buluu. Kadi hiyo haibagui hemu ya binadamu na ya ng'ombe, na mboga kama figili, brokoli na koliflawa zikiliwa mbichi zinaweza kuipotosha. Kinyume chake, vitamini C nyingi huweza kuizuia isigeuke hata damu ikiwapo. Aina ya pili ni FIT, inayotumia kingamwili zinazoshika globini, yaani protini ya himoglobini, ya binadamu peke yake. Kwa kuwa globini inayovuja tumboni humeng'enywa kabla ya kufika chini, FIT ikiwa chanya huelekeza zaidi kwenye utumbo mpana, na mpimwaji hana haja ya kujinyima chakula chochote. FIT yenyewe ina sura mbili: kaseti inayojibu ndiyo au siyo kwa mstari, na kichupa kinachosomwa kwa mashine na kutoa kiasi cha himoglobini kwa tarakimu. Aina ya tatu huunganisha FIT na utafutaji wa mabadiliko ya vinasaba (DNA) katika seli zinazobanduka kutoka ukuta wa utumbo. Kipimo cha kwanza cha namna hiyo kiliidhinishwa Marekani mwezi Agosti 2014.

Mfuatano wa matukio

Katikati ya Machi kanisa lake liliandaa kambi ya afya ya siku moja. Kulikuwa na hema la shinikizo la damu, la sukari, la macho, na moja lililoandikwa "Saratani" kwa kalamu ya wino mzito juu ya kipande cha katoni. Alipewa kikopo, akaelekezwa msalani, na alipokirudisha mhudumu alipaka choo mara moja tu kwenye kadi ya gwayaki, akadondosha kimiminika, na kadi ikaonyesha rangi ya buluu pembeni. Hakuna aliyemuuliza alichokula wala dawa anazomeza. Siku mbili kabla alikuwa amekula nyama choma kwenye sherehe ya ukoo, na asubuhi hiyo hiyo alikuwa amemeza ibuprofeni. Aliondoka na karatasi yenye mstari mmoja: damu fiche (isiyoonekana kwa macho) chanya, amwone daktari. Haikutaja ni kipimo cha aina gani, ni daktari yupi, wala amwone kwa haraka gani.

Kwa majuma matatu hakufanya lolote. Alieleza baadaye kwamba aliogopa, na kwamba wenzake wa chama walimhakikishia kuwa kwa umri wake hiyo ni bawasiri tu. Mapema Aprili aliamua kupima tena katika maabara ndogo karibu na steji anayopandia matatu. Alichukua choo saa kumi na mbili asubuhi katika kikopo kikavu, akakitia kwenye mkoba, akasafiri nacho hadi mjini, akakifungia kwenye droo ya meza yake ofisini siku nzima, na akakifikisha maabara jioni wakati fundi anafunga. Kilipimwa kesho yake asubuhi kwa kaseti. Jibu lilisema hakuna mayai ya minyoo, hakuna amiba, damu fiche hasi. (Alipewa dawa ya amiba hata hivyo, jambo la kushangaza ingawa si geni.) Fundi alimwambia yuko sawa, naye akaamini kwamba lile la kambini limefutika.

Mwishoni mwa Mei mpwa wake anayefanya kazi ya uuguzi Marekani alipata habari, akampigia simu: "Shangazi, hivyo vya huko viache. Nitakutafutia kile cha DNA, hicho hakikosei." Ndipo alipokuja kwenye kliniki yetu. Hakuja kuuliza kama anahitaji uchunguzi zaidi; alikuja kuuliza kama tunaweza kumsaidia kutuma choo Marekani. Tulipomsikiliza tulimwomba alete karatasi zote mbili, tukazilaza mezani kwa mfuatano wa tarehe, na kumweleza kwamba ushauri wetu ni kolonoskopi, yaani kuutazama utumbo mpana kwa kamera inayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa.

Ombi la kulipiwa kolonoskopi lilipelekwa kwa kampuni ya bima iliyomhudumia kupitia mwajiri wake. Jibu lilirudi katikati ya Juni: kwa kuwa kipimo cha kwanza na cha pili vinapingana, mgonjwa arudie kipimo cha choo katika maabara iliyo kwenye orodha yao, kisha ombi litazamwe upya. Alifanya hivyo Julai. Safari hii maabara ilimpa kichupa cha FIT ya mashine, na jibu likaja kwa tarakimu: mikrogramu 34 za himoglobini kwa gramu moja ya choo. Juma lililofuata kampuni ilikataa ombi. Sababu iliandikwa hivi: kipimo kiko chini ya kiwango, 34 dhidi ya 100.

Tuliandika barua ya rufaa mwanzoni mwa Agosti. Kibali kilitolewa katikati ya mwezi, na kolonoskopi ikafanyika juma la kwanza la Septemba, karibu miezi sita tangu kadi ya kanisani igeuke buluu.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutolikubali jibu hasi la Aprili kuwa mwisho wa mambo. Mgonjwa aliona hapa sare, chanya kimoja na hasi kimoja, na hoja yake ilikuwa na mantiki ya kawaida ya mtu mwenye busara. Tulimjibu kwamba vipimo hivi havipigi kura. Polipu, yaani vinyama vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo, na hata saratani huvuja damu kwa vipindi: leo ipo, kesho haipo. Choo cha siku moja kisicho na damu hakiwezi kuthibitisha kwamba cha majuma matatu yaliyopita hakikuwa nayo. Aidha, kadi ya kambini ilikuwa na sababu za kushukiwa, nyama na ibuprofeni zikiwemo, lakini hatukuwa na njia ya kurudi nyuma na kuthibitisha kwamba ndizo zilizoigeuza rangi. Kanuni inayofuatwa katika programu za uchunguzi ni kwamba mtu aliyepata jibu chanya huenda kwenye kolonoskopi. Harudii kipimo cha choo ili kutafuta jibu linalompendeza yeye au anayemlipia.

Uamuzi wa pili ulihusu kipimo cha DNA, na hapa tulitumia muda mrefu kwa sababu mpwa alikuwa mtu wa fani na aliheshimiwa nyumbani. Tulimpigia mpwa simu, mgonjwa mwenyewe akiwapo. Hatukubishana naye kuhusu ubora wa kipimo. Tulimweleza mambo mawili: kwamba kimekusudiwa mtu asiye na dalili wala jibu chanya la awali, na kwamba choo chote hukusanywa katika chombo chenye kimiminika cha kuhifadhi na hutakiwa kufika kwenye maabara ya kampuni inayokitengeneza, huko Madison, Wisconsin, ndani ya saa 72. Kutoka Nairobi hilo ni bahati nasibu ya ghali. Kisha tukamuuliza angefanya nini jibu likirudi hasi. Alinyamaza kidogo, akasema bado angetaka shangazi yake afanyiwe kolonoskopi. Mjadala ulikwisha hapo.

Uamuzi wa tatu ulitugawa. Kampuni ya bima ilipodai kipimo kirudiwe, mwenzetu mmoja aliona tukubali haraka, kwa hoja kwamba FIT ya mashine ni bora kuliko vyote viwili vilivyotangulia na huenda ikafungua mlango. Mwingine alikataa katakata: jibu likiwa hasi, tutakuwa tumeipa kampuni silaha ya kukataa kwa mikono yetu wenyewe. Wote wawili walikuwa na haki. Mwishowe hatukuagiza kipimo hicho sisi, lakini hatukumzuia mgonjwa kukifanya, kwa kuwa vinginevyo angelazimika kulipa kolonoskopi kutoka mfukoni. Kabla hajaenda maabara tuliandika barua fupi kwa kampuni, yenye tarehe, tukisema kwamba jibu lolote litakalotoka halitabadilisha ushauri wetu, na tukaeleza sababu.

Tulimfundisha pia namna ya kuchukua sampuli. Nyumbani kwake ni choo cha kuchuchumaa, na maelekezo yaliyo ndani ya pakiti yana picha ya choo cha kukalia. Alishauriwa kutandaza gazeti kuukuu ili choo kisiguse maji wala dawa ya kusafishia, kukwaruza kwa kijiti sehemu kadhaa za juu ya choo mpaka mifereji midogo ya kijiti ijae na si zaidi, kukirudisha kichupani mpaka kilie, kuandika tarehe na saa, na kukipeleka asubuhi hiyo hiyo.

Uamuzi wa nne ulikuwa namna ya kujibu ile "34 dhidi ya 100". Kwanza tuliuliza kwa simu 100 hiyo ni ya kipimo gani. Aliyetujibu hakujua, mwongozo wao wa ndani ulikuwa na tarakimu bila kizio, yaani bila kusema ni nanogramu au mikrogramu, wala kwa kiasi gani. Tukamwomba fundi wa maabara iliyopima atuandikie aina ya kichupa, kiasi cha choo kinachobebwa na kijiti na kiasi cha kimiminika kilichomo. Kijiti hubeba miligramu 10, na kimiminika ni mililita 2. Kwa kichupa cha namna hiyo, nanogramu 100 kwa mililita moja ya kimiminika ni sawa na mikrogramu 20 kwa gramu moja ya choo. Vivyo hivyo, mikrogramu 34 za mgonjwa wetu zingeandikwa nanogramu 170. Ama ni 34 dhidi ya 20, ama ni 170 dhidi ya 100. Kwa hesabu zote mbili jibu ni chanya. Barua ya rufaa ilikuwa ya ukurasa mmoja, na aya ya hesabu iliwekwa juu kabisa.

Matokeo

Maandalizi ya kolonoskopi yalipangwa kwa kufuata zamu ya maji mtaani. Dawa ya kusafisha utumbo humpeleka mtu msalani mara nyingi usiku kucha, na mgonjwa alitutahadharisha mapema kwamba siku fulani za juma mifereji hukauka. Tarehe ya kwanza aliyopewa na kituo iliangukia siku kavu, akaomba ibadilishwe, na kituo kikakubali. Huenda msomaji akaliona hili dogo, lakini utumbo usiosafishwa vizuri huficha polipu, na kolonoskopi ya namna hiyo hulazimika kurudiwa.

Utumbo ulikuwa safi, na kifaa kilifika hadi mwanzo wa utumbo mpana. Ilipatikana polipu moja yenye kikonyo, ya milimita 16, katika sehemu ya utumbo iliyo juu kidogo ya rektamu (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana), nayo ikakatwa kwa kitanzi na kutolewa nzima. Zilionekana pia bawasiri ndogo za ndani. Maabara ya patholojia iliripoti adenoma, yaani polipu ya aina inayoweza kugeuka saratani, yenye sehemu za vilasi (umbo la vidole vidogo), mabadiliko ya seli ya daraja la chini, bila saratani, na mahali ilipokatwa pakiwa safi. Kwa ukubwa wake na kwa umbo lake, hiyo huhesabiwa kuwa adenoma iliyokomaa, ile ambayo ikiachwa ina uwezekano mkubwa zaidi wa kugeuka saratani kwa miaka. Alipangiwa kolonoskopi ya ufuatiliaji baada ya miaka mitatu.

Uchambuzi

Ni rahisi kusoma kisa hiki kama ushindi wa kadi ya gwayaki, kwamba ndiyo iliyosema kweli huku kaseti ikidanganya. Hatuwezi kusema hivyo. Mgonjwa alikuwa amekula nyama nyekundu, alikuwa akimeza dawa inayoweza kuchubua utando wa tumbo na kuufanya uvuje, na alikuwa na bawasiri. Lolote kati ya hayo lingetosha kuigeuza kadi rangi hata kama polipu isingekuwapo. Kinachoweza kutetewa ni kidogo zaidi: kadi ilifanya kazi yake ya kumwelekeza mtu kwenye kolonoskopi, na thamani ya kazi hiyo haikutegemea damu ilitoka wapi.

Gwayaki pia inastahili haki yake. Ndicho kipimo cha choo chenye ushahidi wa muda mrefu zaidi wa kupunguza vifo. Jaribio la Minnesota lililochapishwa mwaka 1993, lenye washiriki zaidi ya 46,000, lilionyesha kwamba waliopimwa kila mwaka walikuwa na vifo vya saratani hii pungufu kwa asilimia 33 wakilinganishwa na ambao hawakupimwa. Lakini hapo kilikuwa kipimo cha sampuli sita, mbili kutoka kila choo cha siku tatu, kikirudiwa mwaka baada ya mwaka na kufuatwa na kolonoskopi. Kupaka kadi mara moja chini ya hema, bila neno kuhusu chakula na dawa, na bila mahali pa kumpeleka aliyepata chanya, ni jambo lingine linalotumia kadi ile ile.

Jibu hasi la kaseti nalo halikuwa la ajabu, na sababu ziko mbili. Ya kwanza ni safari. Himoglobini huoza, na joto huharakisha kuoza huko; watafiti wa programu ya Florence nchini Italia waliripoti mwaka 2010 kwamba kiasi cha himoglobini katika FIT kilishuka majira ya joto, ijapokuwa wao walitumia vichupa vyenye kimiminika cha kuhifadhi. Choo cha mgonjwa wetu kilikaa bila kihifadhi chochote kwa takriban saa 24, sehemu ya muda huo ndani ya mkoba katika matatu. Ya pili ingekuwapo hata kama safari ingekuwa fupi, nayo ni kwamba FIT imejengwa kunasa saratani kuliko polipu. Uchanganuzi uliochapishwa mwaka 2014, uliojumlisha tafiti 19, uliona kwamba FIT hunasa takriban saratani 79 katika kila 100. Kwa vidonda vilivyokomaa ambavyo bado si saratani, kama polipu hii, utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka huo huo, wenye washiriki karibu 10,000, uliona FIT ikinasa asilimia 23.8 tu.

Utafiti huo ndio uliolinganisha FIT na kipimo cha DNA kwa watu wale wale, na ndio chanzo cha imani ya mpwa. Kwa saratani, kipimo cha DNA kilinasa asilimia 92.3 na FIT asilimia 73.8. Tofauti hiyo ni ya kweli. Hata hivyo kwa vidonda vilivyokomaa kilinasa asilimia 42.4, yaani polipu kama ya mgonjwa huyu ingekuwa na uwezekano mkubwa wa kupitwa kuliko wa kuonekana. Na kwa watu wasio na saratani wala kidonda kilichokomaa, kilitoa jibu chanya kwa zaidi ya 13 katika kila 100, ilhali FIT ilitoa kwa takriban 5. Kila mmoja wa hao 13 anahitaji kolonoskopi. Mahali ambapo kolonoskopi hupatikana kwa urahisi na bima inalipa, mzigo huo unaweza kubebeka. Mahali ambapo mtu mmoja alihitaji barua mbili na miezi mitatu ili apate moja, swali la kipimo kipi kinanasa zaidi hutangulia swali linalopaswa kuulizwa kwanza, ambalo ni nani atapokea walionaswa.

Suala la kizingiti, yaani mstari unaotenganisha chanya na hasi, linahitaji kukaliwa zaidi, kwa kuwa ndilo lililokaribia kumkosesha huyu mama tiba na ndilo lisilozungumzwa sana. FIT ya mashine haina chanya yake ya asili. Ina tarakimu, na binadamu ndiye anayechora mstari. Marekani hutumia sana mikrogramu 20. Uholanzi ilianza programu yake mwaka 2014 kwa mikrogramu 15, ikaona watu wengi mno wakipata chanya kuliko nafasi za kolonoskopi zilizopo, na mwaka huo huo ikapandisha mstari hadi 47. Uskoti ilianza kutumia FIT mwaka 2017 kwa 80, na England mwaka 2019 kwa 120. Kwa mistari hiyo, mgonjwa wetu mwenye 34 angeitwa chanya Marekani, na angeambiwa arudi baada ya miaka miwili kule Uskoti na England. Hakuna nchi kati ya hizo iliyokosea; zile za Ulaya zilichora mstari zikitazama uwezo wao wa kufanya kolonoskopi.

Kilichotokea kwa kampuni ya bima si hicho. Haikuchora mstari wa juu kwa makusudi kutokana na uhaba. Ilichukua tarakimu ya kizio kimoja na kuilinganisha na ya kizio kingine. Daktari wao mhakiki hakuwa na nia mbaya, na barua ilipomfikia alijibu ndani ya siku chache. Lakini kosa la namna hiyo haliwezi kugunduliwa na mgonjwa, na ni kliniki chache zenye muda wa kumtafuta fundi wa maabara na kumuuliza kijiti hubeba miligramu ngapi. Kaseti za mtaani zina tatizo hilo hilo kwa sura mbaya zaidi: mstari wake umo ndani ya plastiki, aghalabu umeandikwa kwa nanogramu kwenye karatasi iliyobaki ndani ya boksi, na hautokei kwenye jibu analoondoka nalo mtu.

Barua iliyoandikwa kabla ya kipimo cha Julai ilifanya kazi kuliko tulivyotarajia. Kwa kuwa ilitangulia jibu, haikuweza kuonekana kama kisingizio cha watu walioshindwa, na kibali kilipotolewa kiliirejelea kwa tarehe yake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu ya kisa hiki inayofaa kuigwa na kliniki yoyote inayoshurutishwa kurudia kipimo.

Kuhusu muda, miezi sita ni mingi, ingawa haikuvuka mpaka wa hatari unaojulikana. Utafiti wa wanachama wa Kaiser Permanente, shirika la bima na tiba la Marekani, uliochapishwa mwaka 2017, wenye watu zaidi ya 70,000 waliopata FIT chanya, haukuona ongezeko la maana la saratani kwa waliofanyiwa kolonoskopi ndani ya miezi tisa. Kuanzia mwezi wa kumi hatari ilipanda, ikiwamo ya kukutwa na saratani iliyokwisha sambaa. Mgonjwa wetu alikuwa na miezi mitatu tu ya akiba, na wiki zipatazo kumi zilipotea kabla hajafika kwa daktari yeyote, kati ya karatasi ya mstari mmoja na maneno "uko sawa".

Kama kanisa hilo lingeniuliza litumie nini kambi ijayo, ningependekeza FIT ya kichupa, itakayogawiwa Jumapili na kukusanywa asubuhi ya siku iliyopangwa, pamoja na makubaliano ya maandishi na kituo kimoja kitakachowapokea watakaopata chanya. Ikiwa makubaliano hayo hayapatikani, ni afadhali hema hilo liwe la pili la shinikizo la damu.

Hali ilivyo sasa

Mgonjwa aliacha ibuprofeni na anatibiwa magoti kwa njia nyingine. Aliuliza kama apime choo kambi itakaporudi Machi, akaambiwa hapana: aliyetolewa adenoma iliyokomaa hufuatiliwa kwa kolonoskopi, na kipimo cha choo katikati ya muda huo huongeza hofu bila kuongeza habari. Ripoti ya patholojia alipewa nakala tatu, moja yake na mbili za ndugu zake, kwa sababu ndugu wa mtu aliyekutwa na adenoma iliyokomaa kabla ya miaka 60 hahesabiwi tena kuwa wa hatari ya kawaida, na hushauriwa kolonoskopi kuanzia miaka 40.

Kaka yake wa miaka 44 amekwisha kuifanya. Dada yake wa miaka 49, anayefanya biashara ya mitumba na hapendi kupoteza siku mbili za soko, ameikataa. Tulimweleza kwamba kwake FIT ni chaguo la pili, kwamba anayekataa kolonoskopi hupewa FIT ya kila mwaka, na kwamba ikiwa chanya hakuna kurudia. Amekubali, na tumemwandikia kwenye fomu aina ya kichupa, maabara ile ile kila mwaka, mstari wa mikrogramu 20 kwa gramu, na jina la kituo cha kolonoskopi atakachokwenda mstari huo ukivukwa.